Sindano ya Paskalina na Silinda ya Tatu

Kambini, mashamba ya miwa, Morogoro
Jumapili mchana, baada ya ibada

Kwako Baba,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Najua umekaa pale karibu na mlango unachambua maharage huku unasikiliza, Mama, na leo naomba ungo uuweke chini kwanza. Habari za baridi? Paskalina aliandika kwamba mlima Hanang haujaonekana wiki nzima kwa ukungu na kwamba goti la Baba limeanza tena kuuma. Nilifikiri sana juu ya goti hilo. Na yule mtamba wangu mwekundu, ameshaonyesha dalili yoyote ya mimba, au bado anawazungusha? Mniambie na hali ya mahindi ya kule bondeni, kama nguruwe pori wamewaachia kitu.

Mimi huku mwili ni mzima. Joto ni lile lile. Huku mtu anaoga, akijifuta ameshalowa tena kwa jasho, na mbu wa huku hawabishi hodi. Wali tunakula mpaka tunauchoka. Ningepewa kibuyu kimoja tu cha maziwa ya mgando kutoka kwenye boma lako, ningekinywa nimesimama. Kazi yangu bado ni pampu za kumwagilia miwa. Ziko nyingi na zote ni kuukuu, kwa hiyo mkono wangu haukauki dizeli. Mwili ni mzima, nimesema. Roho ndiyo inayonisumbua, na ndiyo sababu naandika.

Paskalina, mdogo wangu, wewe ndiye unayeisoma barua hii kwa sauti, kama kawaida yako. Nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Utafika mahali utatamani kuichana. Usiichane. Na kama mumeo Gidamis bado yupo hapo nyumbani, simama kidogo, mwite aingie akae karibu na Baba. Kama ameshaondoka kwenda kwao Balangdalalu, isomeni hata hivyo, halafu mtu amfuate leo leo.

Baba, sitazunguka. Gidamis hakuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Hakuuza hata chupa moja. Trekta nililiharibu mimi, kwa mikono yangu hii, siku ya mwisho ya likizo yangu. Na ile barua niliyowaandikia baadaye, kwamba mafuta ni machafu na aulizwe mwenye kushika pipa la dizeli, ilikuwa ya uongo kuanzia salamu mpaka sahihi.

Loo! Nimeshaandika. Nimeweka kalamu chini, nimetoka nje, nimekunywa maji, nimerudi. Maneno bado yapo kwenye karatasi. Haya, tuendelee.

Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana najua Mzee Tluway na wenzenu wawili mliouza maksai pamoja nao wataisikia barua hii, na ni haki yao waisikie yote.

Mnakumbuka trekta lile lilivyokuja. Nilikuwa bado fundi kule chini Basotu, kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali. Lilikuwa limetupwa nyuma ya karakana, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani. Ninyi wanne mkatoa maksai, mkalichukua kama chuma chakavu, mimi nikalifufua. Na nilihakikisha kila mtu Endasak anajua ni nani aliyelifufua. Nikikutana na mtu njiani, kabla hajamaliza kujibu salamu, nimeshamweleza habari za pistoni. Mama ulinikanya mara nyingi, "Danieli, acha watu wakusifu wenyewe." Sikusikia.

Kisha vipuri vikaadimika kule shambani, matrekta yakalala moja baada ya jingine, mimi nikaitwa huku kwenye miwa. Likabaki swali la nani ataendesha trekta letu. Ndipo Gidamis alipoingia. Baba, wewe uliikataa ndoa ile miaka miwili mizima. Ulisema binti yako hawezi kwenda kulala porini nyuma ya ng'ombe. Na ndugu zake nao walisema binti wa wakulima hataweza kukamua. Halafu plau la shamba la ngano likapita kwenye malisho ya baba yake, ng'ombe wakapungua, na kijana wa watu akaja kuishi kwetu na mkewe na fimbo yake. Mimi mwenyewe nililima kipande kile, Baba. Nilikuwa juu ya trekta la shamba, nikipiga mluzi. Hilo sijawahi kulisema kwake wala kwako.

Mtu huyo hakuwahi kushika spana. Lakini amekua akichunga, na mchungaji anamjua mnyama mgonjwa kwa kusikia tu anavyopumua. Akaanza kuisikiliza injini vivyo hivyo. Anakaa juu ya plau, anainamisha kichwa, anasema "leo haijisikii vizuri", na kweli ukifungua utakuta kichujio kimeziba. Hakuna aliyemfundisha. Mimi sikumfundisha hata kufunga nati.

Sasa nilipokuja likizo, siku moja kabla ya kuondoka, mlikaa uwanjani mnakunywa chai, wewe na Mzee Tluway na wale wengine. Ukasema, Baba, kwa sauti yako ile ya kuridhika, "Siku hizi Gidamis akiniambia trekta lipumzike, mimi nalipumzisha. Simwulizi kwa nini." Na wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, mkwe wako ana sikio. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe changu, na cheti changu cha ufundi, na shati langu jipya la Morogoro. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Sisemi hivi kujitetea. Nasema ili mjue kitu kilianzia wapi: kilianzia kwenye kijicho. Nilimwonea kijicho mume wa dada yangu kwa sababu ya sifa moja ya wazee.

Kesho yake watu wakaja kuniaga. Gidamis alikuwa amewasha trekta apeleke mbolea shambani. Likatoa moshi mweusi kidogo, kama linavyotoa kila asubuhi ya baridi. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikapaza sauti, "Zima! Nozo ni chafu. Mnaiua injini hii bila kujua." Nozo, kwa ajili ya Mama, ni kile kichwa kidogo kinachopuliza dizeli ndani ya silinda iwe kama ukungu ili iwake.

Gidamis akasema kwa upole, "Shemeji, ikipata joto huo moshi unaisha. Iache tu."

Nikamjibu, "Nani fundi hapa, mimi au wewe?" Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akazima, akaniletea spana na sinia la kuwekea nati. Akasimama kando yangu akilishika lile sinia kama mtu anayenawisha wageni mikono.

Nikafungua nozo ya silinda ya tatu. Kwa nini ya tatu? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wangu. Haikuwa na kosa lolote. Nikaiosha kwa dizeli, nikawaonyesha masizi, nikahutubia. Kimoja cha vitundu vyake vya kupulizia kilikuwa na masizi yaliyoganda. Karakanani kuna brashi laini ya shaba kwa kazi hiyo. Nyumbani hakuna. Mtu mwenye akili angeiloweka ndani ya dizeli mpaka mchana. Lakini watu walikuwa wananiangalia, Baba! Nikageuka, nikaiona ile ngozi ya Paskalina imeanikwa ukutani, ile aliyokuwa anaishonea shanga, na sindano yake nyembamba imechomekwa pembeni. Nikaichomoa bila kumwuliza mtu, nikaanza kuchokoa.

Jambo la kwanza kabisa tulilofundishwa siku ya kwanza karakana ni kwamba nozo haichokolewi kwa sindano ya chuma. La kwanza! Kabla hata ya kufundishwa majina ya spana. Nilikuwa nalijua wakati nachokoa.

Ikakatika. Sauti yake ilikuwa ndogo, tik, kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti. Ncha ikabaki ndani ya kitundu, kipande kirefu kikabaki vidoleni mwangu. Niliinua macho. Wewe ulikuwa juu ya kigoda, unanitazama kwa fahari. Mzee Tluway alikuwa anasokota tumbaku. Gidamis alikuwa ameshika sinia. Ningesema pale pale, "Imekatika." Neno moja tu. Mngesikitika kidogo, ningeahirisha safari, tungetafuta nozo nyingine, yangekwisha. Badala yake nikakitia kile kipande mfukoni mwa shati, nikafuta nozo, nikasema, "Safi kabisa." Nikaifunga.

Ilipowashwa niliisikia papo hapo. Silinda tatu zinapiga, moja haipigi. Mafundi tunasema injini inamisi. Ni kama mtu anayetembea na kuchechemea kila hatua ya nne. Basi nikafanya ubaya wa pili. Kuna skrubu ya mafuta pembeni ya pampu ya dizeli. Nikaikaza kidogo, injini ikazunguka kwa kasi, ule mchechemeo ukafichika ndani ya kelele. Ukauliza, Baba, "Inapiga vizuri?" Nikajibu, "Kuliko jana."

Gidamis akainamisha kichwa upande mmoja. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akaniangalia usoni. Alijua, Baba. Nakuapia alijua. Lakini mimi ni kaka wa mkewe, na ilikuwa siku yangu ya kuagwa, na wazee wamekaa. Akapanda juu ya trekta lake akaenda shambani na mbolea. Ingekuwa mimi niliye mahali pake, ningemwumbua mtu mbele ya wote.

Na wewe Paskalina, wakati nafunga begi, ulikuwa unazunguka uwanja mzima ukiinama. Ulichekecha hata jivu la jikoni. Ulisema sindano ile ulipewa na mama mkwe wako siku aliyokufundisha kushona ngozi, na utamwambia nini. Mimi nilikuwa nayo mfukoni, juu ya moyo hapa. Nikakwambia, "Labda kuku ameimeza." Mungu anisamehe. Mkamkamata yule jogoo maskini mkampapasa shingo, na mimi nikasimama nikacheka pamoja nanyi.

Miezi miwili baadaye barua yako ikafika. Ukaandika trekta limekosa nguvu, linatoa moshi, halivuti plau mlimani, na Baba anauliza fundi anasemaje. Nilikaa na barua hiyo siku nane. Nilianza kuandika ukweli mara moja, nikaishia kwenye salamu. Halafu nikaandika ile nyingine, kwamba dalili hizo ni za dizeli iliyochanganywa, na kwamba mwenye ufunguo wa pipa ndiye ajibu. Sikutaja jina. Nilijiambia kwamba kwa kuwa sikutaja jina, sikumsingizia mtu. Lakini ufunguo wa pipa uko shingoni mwa nani? Mtu mzima na akili zangu, nilijidanganya kwa ujanja ambao hata mtoto angeukamata.

Barua yako ya pili, ukitoa salamu na habari za baridi, ilikuwa na mistari sita. Nimeihesabu mara nyingi. Kwamba Baba alisema, "Nilijua tu." Kwamba Gidamis alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza mbele ya Baba, akaenda kukaa na ng'ombe. Kwamba amesema wazee wakishakaa, atachukua watoto na wanyama wake arudi Balangdalalu, na wewe uchague. Kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi wazee wanakaa kutamka laana juu ya yule aliyeharibu chombo chao akanyamaza, na Baba ndiye atakayeanza, kwa kuwa boma ni lake.

Baba, naijua laana hiyo. Nimekua nikiisikia ikitajwa kwa sauti ya chini. Haitaji jina. Inamtafuta mwenyewe. Shamba lake lisiote, uzao wake ukome. Sasa nisikilize vizuri: uzao wangu ni uzao wako. Ungesimama pale na pombe ya asali mkononi, ukaukata mti wako mwenyewe bila kujua, na Gidamis angekaa pembeni salama, amehukumiwa na watu na hana kosa mbele ya Mungu. Nimeogopa, sikatai. Lakini sitaki mfikiri ni woga wa laana peke yake ulionishika mkono. Woga huo nilikuwa nao tangu barua yako, Paskalina, na bado nilikaa kimya siku nne zaidi.

Kilichonivunja ni jambo dogo. Alhamisi pampu moja ya kule mtoni ilianza kumisi. Tukaenda, tukapima, tukakuta silinda mbovu, tukafungua nozo. Vitundu vimepanuliwa kwa waya. Nikapandwa na hasira ile ya mafundi, nikafoka, "Nani mjinga amechokoa hii?" Kulikuwa na vibarua kama kumi wamesimama. Mmoja, mzee wa kufungulia maji mifereji, mtu asiyejua hata kusoma, akanyoosha mkono. Akasema, "Ni mimi, fundi. Nilidhani nasaidia." Basi. Hakuvuta hata pumzi mbili. Wenzake wakamcheka, msimamizi akamwonya, wakarudi kazini, na mzee akaendelea kufungulia maji mifereji. Mimi nikabaki nimeinama juu ya injini, siwezi kuinua uso. Mafundi wenzangu walidhani nimeingiwa na dizeli machoni.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Msikubali neno langu, Baba. Mlilikubali mara ya kwanza mkaona. Pimeni wenyewe, mchana, hapo hapo uwanjani, wazee wote wakiwepo. Na apime Gidamis. Mpe ufunguo wake kwanza.

Aliwashe trekta lipate joto kidogo. Mahali moshi unapotoka kwenye injini, kuna miguu minne ya chuma, kila silinda na mguu wake. Paskalina alete maji kwenye kikombe, adondoshee tone moja kila mguu. Wa kwanza maji yataruka na kukauka, chwaa. Wa pili hivyo hivyo, na wa nne. Wa tatu yatateremka polepole kama umemwagia jiwe, maana mle ndani hakuna kinachowaka sawasawa. Mzee Tluway aangalie kwa macho yake.

Kisha, injini ikiwa bado inazunguka taratibu, alegeze nati ya bomba jembamba la dizeli linaloingia kwenye nozo ya kwanza. Mtasikia injini inalalamika, inataka kuzima. Aikaze. Afanye ya pili, italalamika. Ya nne, italalamika. Akifika ya tatu, alegeze atakavyo, sauti haitabadilika hata kidogo. Hapo mtakuwa mmeipata. Kama dizeli ingekuwa imechanganywa na mafuta ya taa, zote nne zingeugua, si moja. Hata mimi nilipokuwa naandika uongo wangu nilikuwa nalijua hilo, na nilijua kwamba hapo nyumbani hakuna wa kunibishia isipokuwa yule niliyekuwa namsingizia.

Azime, aifungue hiyo nozo ya tatu, aigeuzie nje, aifunge tena kwenye bomba lake, mtu mmoja azungushe injini bila kuiwasha. Watu wasimame mbali na mtu yeyote asiweke mkono mbele yake, dizeli ile inatoka kwa nguvu inayotoboa ngozi. Nozo nzima inapuliza ukungu kila upande. Hii itapuliza upande mmoja na kudondosha upande mwingine kama pua ya mtoto mwenye mafua. Kisha aifute vizuri, aielekeze kwenye jua. Kwenye kitundu kimoja ataona kitu kinang'aa. Ni ncha ya sindano.

Pamoja na barua hii mtapokea kopo la maziwa ya unga lililojaa grisi. Ndani ya grisi mna nozo nzima. Sikuiiba, nimemwomba mtunza stoo, nimeweka sahihi, na nimeipima mwenyewe mara tatu. Dereva mmoja anayepandisha sukari Arusha ameniahidi ataviacha vyote viwili Babati kwa kondakta wa basi la Katesh, ili vifike kabla ya Jumamosi. Gidamis akishaifunga, atoe hewa kwenye mabomba, halafu alegeze ile skrubu niliyoikaza, nusu mzunguko. Sikio lake litamwambia. Hahitaji maelezo yangu.

Baba, kikao cha Jumamosi kisivunjwe. Wazee wakae. Ila kabla hamjatamka chochote, barua hii isomwe pale, na jina langu litajwe kwa sauti kubwa kuliko lilivyotajwa trekta lilipofufuka. Najua desturi: mwenye kosa akijitaja kabla ya maneno, maneno hayatamkwi, analeta kondoo wa kusafisha na anasimama mwenyewe mbele ya watu. Kondoo msimtoe kwa niaba yangu. Nimeomba ruhusa, nitapanda basi mara wakinipa, nitamleta mwenyewe, na nitasimama. Yule mtamba mwekundu, akiwa na mimba au hana, ahamishwe leo aingie kwenye ng'ombe wa Gidamis. Simlipi. Jina la mtu halilipiki kwa ng'ombe. Kwao mtu akimkosea mwenzake mnyama hutembea kutoka boma lake kwenda la mwenzake, na nataka aone kwamba nimejua hivyo ingawa nimechelewa.

Gidamis, shemeji yangu. Sikuwahi kukuita fundi. Siku ile uliniambia "iache tu". Wewe ndiye uliyekuwa fundi pale uwanjani, mimi nilikuwa mtu mwenye spana. Uliponiangalia usoni ukanyamaza, nilidhani umenyamaza kwa woga, nikakudharau kwa hilo. Sasa najua ulinihifadhi aibu, na mimi aibu hiyo hiyo nikaichukua nikakuvika wewe. Na malisho ya baba yako, nimeandika juu kule kwamba nililima mimi. Nikija, tutaenda wawili mpaka pale, unionyeshe mipaka yake ya zamani. Usihame kabla sijafika. Kama utahama, uhame ukiwa umenisikia kwa mdomo wangu, si kwa karatasi.

Mama, najua unalia. Usimtetee mwanao mbele ya Baba, safari hii usinitetee. Msalimie bibi yetu mgonjwa wa miguu, mwambie Danieli bado anavaa sweta alilomfumia, hata kwenye joto hili, ingawa ni usiku tu. Msalimie katekista aliyenifundisha kusoma. Mzee Tluway mwambieni shikamoo yangu ni ya magoti. Mpeni pole mama mkwe wa Paskalina kule Balangdalalu, mwambieni mkwewe hakuwa mzembe. Watoto wa Paskalina muwabusu, na kama yule jogoo yu hai, mwombeni radhi naye.

Baba, sijui kama utaniita mwanao tena baada ya kusomewa haya. Mimi nitaendelea kukuita baba.

Ni mimi,
Danieli

Paskalina, geuza karatasi. Hapo nyuma, chini ya ule mkunjo, nimechomeka kipande kirefu cha sindano yako, chenye tundu la uzi. Nimekaa nacho mfukoni tangu siku ile, kila shati nililovaa. Usikichomoe wewe. Mpe mumeo. Akishaitoa ile ncha kwenye silinda ya tatu, aviunganishe viwili hivyo juu ya kiganja chake, mbele ya wazee, ampelekee Baba aone vinavyoingiana.